Kumsaidia mzee anywe vya kutosha kwenye joto la Mombasa: mwongozo kamili

Kila kaskazi ikichachamaa, baina ya Januari na Machi, mimi na mamangu huwa na ugomvi mmoja. Namletea gilasi ya maji, naye huitazama kama mtu aliyeletewa deni. "Niondolea hayo, sina kiu mie." Mwaka mzima nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nikawa namfuata na gilasi nyumba nzima, kumbe nikigeuka humwagia mrehani ulioko dirishani. Mrehani mwaka ule ulinawiri si mchezo.

Sababu niliijua usiku mmoja nilipomkuta gizani, mkono ukutani, akipapasa njia ya kwenda msalani. Nikamuuliza mbona hakuniita. Akanijibu, "Nikinywa maji yenu yote hayo, nitakuita mara ngapi?" Maji mama hakuwa na neno nayo. Hofu yake ilikuwa choo. Kwa hivyo mwongozo huu utakaa sana chooni kabla ya kufika jikoni, msomaji anisamehe.

Kiu ya mzee haiaminiki

Kijana akipungukiwa na maji, kiu humsumbua mpaka ayatafute. Umri ukisonga kiu hufifia, na mtu wa miaka 75 anaweza kuwa mkavu kabisa na asione haja ya kunywa. Anaposema hana kiu, hadanganyi. Figo nazo huzeeka: uwezo wao wa kubana maji hupungua, basi mkojo huendelea kutoka hata pale mwili unapoyahitaji. Tena akiba yenyewe imepungua. Mwili wa kijana wa kiume ni maji kwa kadiri ya asilimia 60. Uzeeni hushuka karibu na 50, kwa kuwa misuli, ambayo ndiyo hubeba maji mengi, imekonda.

Juu ya hayo weka hewa yetu ya pwani. Unyevu ukizidi, jasho halikauki juu ya ngozi, na jasho lisilokauka halipoezi mwili. Mtu huendelea kulowa tu. Mzee aliyekaa kitini kutwa chini ya mabati, hajainua hata ufagio, hupoteza maji bila mtu kutambua.

Kisha dawa. Wazee wengi wa presha humeza vidonge vya kutoa maji mwilini, kama furosemide au hydrochlorothiazide. Sukari ikipanda nayo humkojoza mtu sana. Dawa za kulainisha choo huvuta maji vilevile. Wala usimwachishe mzee dawa yoyote kwa sababu ya joto, mueleze daktari.

Kabla ya gilasi ya kwanza: swali la daktari

Wapo wazee ambao maji mengi ni hatari kwao. Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, mwenye figo zilizochoka, anayesafishwa damu kwa mashine, na wengine ambao chumvi ya damu yao iliwahi kushuka, wote hawa huenda daktari amewawekea kipimo. Uliza wazi: "Kwa siku anywe kiasi gani, kwa jumla, pamoja na chai, uji na supu?" Andika jibu kwenye daftari lake la kliniki. Ukipewa kipimo, kifuate hicho na uache hesabu zangu.

Kwa mzee asiye na kizuizi, muongozo wa ESPEN, jumuiya ya wataalamu wa lishe ya wagonjwa ya Ulaya, unataja vinywaji vya angalau lita 1.6 kwa siku kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume. Hicho ni kiwango cha chini, na kimepangwa na watu wasiojua Machi ya Kisauni. Siku za joto kali huhitaji zaidi kidogo. Kidogo, nasema, kwa maana kumshindilia mzee lita nne kunaweza kushusha chumvi ya damu mpaka akaanguka au akachanganyikiwa, hasa anayetumia vidonge vya kutoa maji.

Hatua ya 1: Andika siku mbili bila kubadilisha kitu

Chukua chupa ya nusu lita, ijaze, umimine kwenye kikombe chake cha kila siku. Utajua kikombe kinabeba kiasi gani. Vikombe vyetu hutofautiana sana: cha chai cha bati ni kimoja, kile cha kahawa tungu ni funda mbili tatu. Halafu kwa siku mbili andika kila alichokunywa, saa, na kilichobaki. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau. Chai iliyoachwa nusu si chai iliyonywewa.

Mama nilidhani anakunywa vikombe saba. Daftari likasema mililita 800, mrehani ukiwa umetolewa hesabuni.

Hatua ya 2: Tengeneza njia ya choo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo weka pesa kama unazo chache.

Pita njia hiyo wewe mwenyewe saa nane usiku, taa zimezimwa, bila miwani. Utaona mkeka uliojikunja, kizingiti, ndoo za akiba ya maji zilizopangwa ukutani kwa ajili ya mgao, waya wa feni. Ondoa vyote. Weka taa ndogo inayowaka usiku kucha, na umeme ukikatika iwepo tochi pale anapolaza mkono, si kabatini. Ikiwa kuna vidato, fundi atie chuma cha kushika upande anaoutegemea mzee. Ndani ya choo tia kingine, pembeni ya pale anapochuchumaa au kukaa. Mwite mzee mwenyewe aonyeshe mkono wake huenda wapi. Fundi akikisia hukosea.

Sakafu ndiyo adui. Vyoo vyetu ni vya maji, kopo halikauki, na vigae vikilowa huteleza kama pweza. Kausha kila baada ya mtu kuoga, na mpe mzee viatu vya mpira vyenye meno chini, vinavyoshika kisigino. Zile ndara zilizolika zitupe, hata akizililia.

Choo cha kuchuchumaa kikiwa kinamshinda magoti, kuna kiti chenye tundu ambacho huwekwa juu ya shimo; maseremala hutengeneza, na maduka ya vifaa vya wagonjwa huuza vya chuma. Usiku, ikiwa choo kiko nje au ghorofa ya chini kama nyumba nyingi za zamani za Mji wa Kale, weka chombo chenye kifuniko chumbani. Wazee wa kiume hukubali chupa ya mdomo mpana upesi zaidi. Chombo kimwagwe alfajiri kimya kimya, asiyehusika asijue.

Nguo pia. Suruali yenye mkanda na vifungo humchelewesha mtu mpaka akalowa, na akishalowa mara moja mbele ya wajukuu, hanywi tena. Kikoi, kanzu, dera, leso: hizo ndizo rafiki za kibofu kilichochoka.

Kama anaamka usiku mara nne tano, usikimbilie kumnyima maji mchana. Miguu ikivimba mchana, maji hayo hurudi kwenye damu mtu anapolala, na figo huyatoa usiku. Muinulie miguu juu ya stuli kwa saa moja hivi alasiri. Muulize daktari kama kidonge cha kutoa maji kinaweza kumezwa asubuhi badala ya jioni. Na mwanamume anayekojoa kwa vipande vipande, mkojo ukisitasita, apimwe tezi dume. Wengi hukaa na shida hiyo miaka, wakiificha kwa kuacha kunywa.

Jambo jingine husemwa kwa sauti ya chini: udhu. Wako wazee hawanywi kitu baina ya Magharibi na Isha ili udhu usitenguke. Na asiyeweza kuzuia mkojo huogopa kwamba swala yake haifai. Fiqhi imempa nafasi mtu huyo, atawadhe kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia. Mlete sheikh anayemwamini aje amwambie mwenyewe. Kwa mama, neno la sheikh lilizidi maneno yangu yote ya mililita.

Hatua ya 3: Maji yanayonyweka

Maji ya bomba ya Mombasa husafiri kutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho, Marere, Tiwi, na hayafiki kila nyumba kila siku. Pengo huzibwa na visima na mikokoteni ya mitungi. Visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi, na kuchemsha hakuondoi chumvi. Huiongeza, kwa maana maji hupungua, chumvi ikabaki. Ya kisima yaachie kuogea na kufulia. Ya kunywa ya mzee yatengee chombo chake, hasa mwenye presha.

Maji usiyojua yametoka wapi, yachemshe mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja, au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa na usubiri dakika 30. Harufu ya klorini wazee hawaipendi. Ukiyaweka kwenye jagi lililofunikwa kitambaa safi kwa saa kadhaa, hupungua. Yaliyochemshwa hupooza ladha. Yamimine mara mbili tatu baina ya vyombo viwili safi, utaona tofauti.

Kuhusu baridi, muulize. Vijana wanadhani kila mtu hutaka ya friji. Wazee wengi meno yao hukataa, au wanaamini baridi huleta kifua, na huna haja ya kubishana. Mtungi wa udongo hupoza kwa kiasi wanachokizoea. Nyanya yetu alikuwa akiufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuujaza, na mpaka leo mama akisikia harufu ile huomba maji mwenyewe.

Hatua ya 4: Pandisha vinywaji juu ya mambo anayoyafanya tayari

Usiongeze kengele. Tafuta vitu visivyokosa katika siku yake, ukifunge kinywaji hapo. Mzee anayeswali ana ratiba iliyokwisha pangwa. Kabla ya swala huenda msalani na kutawadha, basi akitoa salamu tu, kikombe kiwe mkononi: kibofu ni kitupu na hofu haipo. Mkristo jirani yangu hupewa chake baada ya sala ya asubuhi, kwa dawa, na taarifa ya habari ya saa moja inapoanza.

Siku ya mama sasa ni hivi. Baada ya Alfajiri, mililita 200 za maji ya uvuguvugu. Chai ya asubuhi na mahamri na mbaazi, 300. Saa nne, uji mwepesi au juisi, 250. Baada ya Adhuhuri, pamoja na chakula, 250. Alasiri, chai ya tangawizi, 250. Barazani jua likipungua, wakati wa mazungumzo na majirani, 150. Magharibi, 200. Isha, 100 za kumezea dawa, basi. Jumla lita 1.7, na lita nzima imeshaingia kabla ya Alasiri, kwa hivyo usiku hauna msukosuko.

Mpe mkononi. Kumuuliza "utakunywa maji?" ni kumpa nafasi ya kusema la. Muulize, "Mama, chai au ukwaju?" Kikombe kiwe chepesi, chenye mkono mpana, nusu yake tu, ujaze tena. Gilasi iliyofurika humtisha mwenye mikono inayotetemeka. Na mtu akikaa kunywa pamoja naye, hunywa zaidi. Mjukuu wa miaka saba apewe cheo cha mgawaji maji. Bibi humkatalia binti yake mara kumi, mjukuu hamkatalii.

Chai, kahawa, madafu na mengineyo

Chai inahesabika. Kahawa tungu nayo inahesabika, kwa kiasi cha kawaida haikaushi mtu kama inavyosemwa, ingawa kwa wengine huharakisha kibofu, ndiyo maana mama haipewi baada ya Alasiri. Juisi ya ukwaju, ya mabungo, ya embe, zote sawa ikiwa sukari imetiwa kwa mkono mzito wa huruma, yaani kidogo. Mwenye kisukari apewe maji, chai bila sukari, au tunda lenyewe. Miwa ya barabarani ni tamu, nami naipenda, lakini barafu yake sijui imetoka maji gani.

Madafu nataka niyakalie kidogo, maana huku kila ugonjwa huambiwa dafu. Kwa mzee mwenye figo nzima ni kinywaji kizuri. Ila gilasi ya mililita 250 inaweza kuwa na miligramu 400 hadi 600 za potasiamu. Figo mbovu hushindwa kuitoa, na baadhi ya dawa za presha na moyo, kama losartan, enalapril na spironolactone, huizuia mwilini. Potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Mzee wa aina hiyo asipewe dafu la kila siku kabla ya kuuliza daktari.

Chakula nacho ni maji. Wali ulioiva ni maji karibu thuluthi mbili. Tikiti na tango ni zaidi ya asilimia 90. Supu ya samaki, mchuzi wa kumiminika, uji wa mtama, papai, machungwa: mzee asiyetaka gilasi mlishe hayo. Mwenye presha mpunguzie achari na viazi karai vya chumvi nyingi, ambavyo humtia kiu bila faida.

Anayepaliwa na anayesahau

Mzee akikohoa kila anywapo, au sauti ikawa na maji maji baada ya kumeza, hasa aliyewahi kupata kiharusi, acha kumlazimisha. Mkalishe wima kabisa, kidevu kikiinama kidogo, funda dogo dogo, na abaki amekaa nusu saa baadaye. Mpeleke akapimwe namna anavyomeza, maana maji yanayoingia mapafuni huleta nimonia. Usimnyweshe mtu aliyelala chali, wala anayesinzia.

Mwenye ugonjwa wa kusahau huweza kuwa na gilasi mbele yake na asiione, maana maji na gilasi vyote havina rangi. Kikombe chekundu au cha samawati husaidia. Kunywa mbele yake, naye ataiga.

Ramadhani

Miaka hii mwezi unaangukia Februari na Machi, joto likiwa juu. Quran 2:184 imewapa nafasi wagonjwa na wasioweza. Mzee asiyeweza kufunga tena hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Maneno hayo ni mepesi kuandika, mazito kumwambia mtu aliyefunga miaka 60. Anza mwezi wa Rajabu, si usiku wa kuandama. Nenda naye kwa daktari, kisha kwa sheikh, umuache aamue akiwa na heshima yake. Akiruhusiwa kufunga, agawanye vinywaji baina ya futari na daku badala ya kubugia mwishoni, daku aile kwa kuchelewa, mchana akae kivulini, na mkubaliane mapema kwamba kizunguzungu kikija atafungua.

Dalili za kutazama

Mjue mzee wako akiwa mzima, ndipo utamjua akibadilika. Kusinzia kusiko kwa kawaida, kizunguzungu akisimama, choo kigumu, mkojo mchache wenye harufu kali, kuanguka, kutaja majina ya waliokufa kana kwamba wako sebuleni. Mama alipoanza hilo la mwisho, nusu ya ukoo ilisema ni uzee, nusu ikataka kumsomea. Yalikuwa ukavu na ugonjwa wa njia ya mkojo.

Kufinya ngozi ya mkono hakufai kwa wazee, ngozi yao hulegea hata wakiwa wazima. Rangi ya mkojo ni kidokezo tu, dawa na vyakula huibadilisha. Kipimo cha kuaminika ni cha damu.

Mzee akiharisha au kutapika, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, ukisoma kwanza kama ni ya nusu lita au lita. Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, kwa funda za mara kwa mara. Hayo ni ya kuharisha, usiyafanye kinywaji cha kila siku cha mwenye presha.

Mpeleke hospitali bila kungoja kesho akichanganyikiwa ghafla, akishindwa kunywa au kutapika kila anachokunywa, akikaa tangu asubuhi mpaka jioni bila kukojoa, au akiwa hazinduki vizuri. Mwili ukiwa wa moto sana na akili imepotea, hilo ni joto: mvue nguo nzito, mfunike leso iliyolowa, mpepee, huku gari likitafutwa. Mdomo ukienda upande au mkono ukilegea, usimpe chochote cha kunywa.

Siku za kutoka

Wazee huacha kunywa tangu jana yake wakijua kuna harusi, feri ya Likoni au foleni ya kliniki. Uliza mapema choo kiko wapi, umwambie kabla hajauliza: "Mama, choo kipo chini, hakina ngazi, nimekiona." Mkapitie kabla ya kutoka na mara mnapofika. Beba leso ya akiba na nepi kama anazitumia, kwenye mfuko usioonyesha. Beba chupa yake ya maji, na kikombe chake cha bati pia, maana cha watu hatakitaka.